Somo Letu Ni Martini

Mmeniomba, walimu wenzangu vijana, niwaandikie namna tulivyofundisha misingi ya imani kule milimani siku za Wadachi, ili msianze kila kitu upya kama sisi tulivyoanza. Nimekubali, maana tangu nilipoacha kazi mwezi uliopita mikono yangu haijui ifanye nini asubuhi. Lakini nitaanza na jambo ambalo wazee wa kazi hulificha. Miaka yangu ya kwanza niliifanya kazi ya Mungu nikiwa na wivu. Nilimwonea wivu mtu mmoja, mwalimu wa Wakatoliki wa ng'ambo ya bonde, na wivu huo uliniharibia darasa zima. Mambo ya vitabu mtayapata vitabuni. Hili halimo.

Mimi ni mtu wa Uzaramo. Kwetu ni tambarare, na nilidhani mlima ni kitu unachokipanda mara moja ukamaliza. Siku nilipopelekwa Lukundi, kijiji cha milimani, tulitoka Morogoro alfajiri, tukapita Mzumbe, tukala muhogo wa kuchoma Mlali, halafu njia ikainuka na haikushuka tena mpaka jioni. Nilikuwa na sanduku la bati lenye vitabu sita vya katekisimo, vibao vya kuandikia, chaki, na shati moja la Jumapili. Mchukuzi wangu alibeba kipande cha reli kichwani, juu ya kata ya majani ya mgomba. Reli hiyo ndiyo ingekuwa kengele yetu. Kila tulipofika kona aliniuliza kama Mungu wa Walutheri hasikii mtu akipiga makofi.

Tulipofika tukakitundika kile kipande kwenye boriti ya banda la shule, nami nikakipiga kwa nyundo. Kililia vizuri kwa kipande cha reli. Kabla mlio haujaisha, ng'ambo ya bonde ikalia kengele ya mapadre, kengele ya shaba iliyotoka Ulaya, na sauti yake ikapita juu ya mashamba ya maharage ikaja kutukuta pale tuliposimama.

Mchukuzi akanyanyua kidole. "Ile ndiyo kengele, mwalimu," alisema. "Hii yako ni reli."

Ndivyo nilivyoanza.

Wiki mbili za kwanza nilikaa na Mwalimu Yakobo, mzee aliyenitangulia pale, aliyekuwa anarudi pwani kwa sababu ya magoti. Yeye ndiye aliyenifundisha kufundisha. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kukariri tu. Alinionyesha kiganja chake. Kidole gumba ni Amri Kumi, alisema, kwa sababu bila gumba hushiki kitu. Kinachofuata ni Imani, kidole cha kuonyesha, maana kinamwonyesha Mungu. Cha kati ni Sala ya Bwana. Cha nne ni Ubatizo, na cha mwisho, kidogo, ni Karamu ya Bwana. Mtu asiyejua kusoma atarudi nyumbani na katekisimo mkononi, na hata akivuka mto haitalowa.

Tena akaniambia neno ambalo nawaachieni kama lilivyo. "Usimwulize mtu mzima kama ameelewa. Atasema ameelewa, kwa heshima. Mwulize: maana yake nini? Kisha nyamaza. Ukimya ukikuchoma, vumilia. Yeye ndiye anayefanya kazi wakati huo, si wewe."

Nilivumilia. Mwaka wa kwanza nilikuwa na wanafunzi wa ubatizo kumi na mmoja, na saba kati yao walitoka katika ukoo wa Bibi Semeni. Kwa Waluguru ardhi na ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo pale Bibi Semeni alipokaa, binti zake walikaa, na watoto wa binti zake wakajibana pembeni. Kiwanja cha banda letu kilikuwa chake. Hakujua kusoma, kifua chake kilikuwa kibovu, na hakuna mwanafunzi aliyenisumbua kwa maswali kama yeye. Amri ya tano, usiue, ilituchukua siku nne, kwa sababu alitaka kujua habari za nguruwe pori, kisha za nyoka, kisha za mkwe wake mmoja.

Basi ng'ambo ya bonde alikaa Mwalimu Fransisi. Alikuwa mtu wa rika langu, mrefu, mwenye sauti nzuri, Mluguru wa pale pale, na kila jambo kwake lilikuwa jepesi. Alifundisha sala kwa nyimbo. Lakini kilichonikosesha raha hasa kilikuwa kalenda yake. Wakatoliki wana watakatifu, na kila mtakatifu ana siku yake. Mtu akibatizwa hupewa jina la mtakatifu mmoja, na huyo huitwa somo wake. Siku ya somo wake ikifika, jamaa humpongeza na kumpikia, na kama somo ni mkubwa, kama Yosefu au Petro, kunakuwa na maandamano na ngoma na nyama. Kwetu sisi neno somo lilikuwa na maana moja tu: kile unachofundishwa. Shikeni jambo hilo, maana kila kitu kilichofuata kimetoka hapo.

Siku moja tulikutana mtoni, mimi nikichota maji, yeye akiosha sufuria kubwa.

"Mwalimu Eliya, karibu sikukuu."

"Ya nani leo?"

"Petro na Paulo. Ni wawili kwa siku moja, kwa hiyo na mbuzi wawili." Akasugua sufuria. "Na ninyi leo mna nini?"

"Amri ya nne."

"Ina nyama?"

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha nikapanda na ndoo yangu, na kila hatua nilitafuta jibu ambalo ningempa, na sikulipata mpaka nilipofika juu, ambako halikuwa na faida. Jioni hiyo nilipopiga reli walikuja wanafunzi wanne. Bibi Semeni alikuja kesho yake akinuka moshi.

"Usikasirike, mwalimu. Nilikwenda kusikiliza tu."

"Ulisikiliza nini?"

Akafikiri kidogo, maana alikuwa mkweli. "Mbuzi," alisema.

Ndivyo mwaka ulivyokwenda. Nilihesabu sikukuu za Fransisi kama mkulima anavyohesabu ndege katika mtama. Kila kengele ilipolia siku isiyo Jumapili nilitoka nje kutazama ni akina nani wanateremka kuelekea ng'ambo. Niliwajua kwa migongo. Nikirudi ndani nilifundisha kwa ukali ambao Sala ya Bwana haikuuhitaji. Mkijiona mnafanya hivyo, vijana, fungeni kitabu mkalime kidogo. Mimi sikufunga.

Ikaja Novemba. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, mahindi yamechipua yakasimama. Nilikuwa nimepanga kufundisha habari za mwanzo wa kanisa letu, na Martini, yule daktari wa dini aliyelianzisha, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alizaliwa katika mwezi huo. Kwa hiyo Jumapili, mwisho wa ibada, nikatangaza kama mwalimu yeyote angetangaza: "Jumatano somo letu ni Martini."

Mtu wa mjini angesikia neno "letu" akajua ni somo la kufundishwa, kwa kuwa mtakatifu angeitwa "somo wetu". Milimani herufi moja haikumzuia mtu mwenye hamu.

Jumatano nilikuwa nachora ramani ya Ulaya kwa chaki niliposikia ngoma. Nilidhani ni za Fransisi, nikavunja chaki. Kumbe zilikuwa zinapanda kwetu. Nikatoka. Njia nzima ilijaa watu, wengine sikuwahi kuwaona katika mlango wa banda langu. Mbele alitembea Bibi Semeni, amevaa shuka jeupe jipya, nyuma yake wanawake na vibuyu vya togwa, nyuma yao watu wawili wakimvuta mbuzi dume. Walikuwa wakiimba: Martini somo wetu, Martini tuombee.

"Tumechelewa kwa sababu ya huyu," Bibi Semeni alisema akimwonyesha mbuzi. "Hakutaka kuja kwa Walutheri."

Watu wakacheka. Mimi nikafungua mdomo kuwaeleza. Ingenichukua maneno kumi: sisi hatuwaombi watakatifu, tunamwomba Mungu peke yake, somo nililolisema ni mafundisho. Nilikuwa nayo maneno hayo, yamejipanga. Lakini juu ya vichwa vyao niliona ng'ambo ya bonde, na mbele ya nyumba yake amesimama Fransisi, ameweka mkono juu ya macho, anatazama kwetu.

Nikafumba mdomo. Nikachukua nyundo, nikaipiga reli ile mpaka mkono ukafa ganzi.

Tulizunguka kitongoji mara mbili. Nilisema machache juu ya Martini, jinsi alivyosoma Maandiko na jinsi alivyokuwa hodari, na kila niliposema alikuwa hodari walipiga vigelegele. Mbuzi akachinjwa. Saa tisa alasiri, nyama ikiwa bado jikoni, mawingu yakashuka kutoka kileleni na mvua ikanyesha, mvua ya haki, ya kujaza mifereji. Tulikula tumejibana bandani, ramani ya Ulaya ikitiririka kwenye kibao, na Bibi Semeni akatazama nje akasema kwa utulivu, kama mtu anayethibitisha alichokijua, "Martini ana mvua."

Kesho yake nilikutana na Fransisi njiani.

"Kumbe nanyi mmeanza kuwa na watakatifu."

"Tunaye mmoja."

"Mmoja anatosha," alisema, "akiwa na mvua." Wala hakucheka. Nilitembea siku ile kama mtu aliyenunua viatu.

Furaha yangu ilidumu wiki tatu. Kabla ya Krismasi, Bwana Mchungaji wetu, Mdachi mpole mwenye miwani, alipanda kutoka Morogoro kuwapima wanafunzi. Ilipangwa wabatizwe Krismasi yenyewe. Bibi Semeni alikuwa ameikazia macho siku hiyo kuliko wote. Kifua chake kilizidi kuwa kibaya, na alisema wazi kwamba anataka jina kabla ya kaburi. Hilo ndilo alilolitaka, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwahidi.

Alijibu vizuri kidole gumba. Alijibu vizuri kidole cha pili. Bwana Mchungaji akafurahi, akaongeza swali la wema tu.

"Mama, ukipata shida unamwomba nani?"

"Namwomba Mungu."

"Vema sana."

"Na mvua ikichelewa namwomba somo wetu."

Bwana Mchungaji akainamisha kichwa, akidhani Kiswahili kimempita. "Somo gani?"

"Martini."

"Martini yupi?"

"Wa kwetu," Bibi Semeni alisema kwa subira, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye. "Wa Kilutheri."

Akavua miwani. Akawauliza wengine mmoja mmoja, na wote walimjua Martini, na mmoja akamweleza habari za mbuzi. Kisha akanigeukia, nami nikamwambia yote, isipokuwa ile sehemu ya Fransisi kusimama mbele ya nyumba yake. Nilisema walinielewa vibaya. Hilo lilikuwa kweli kwa asubuhi ile mpaka mbuzi alipofika.

"Mwalimu," alisema, "huyo Martini alipoteza marafiki na usingizi kwa ajili ya jambo hili hasa." Hakunifokea. Alikunja karatasi yenye majina kumi na moja akaitia mfukoni. "Mwaka mmoja zaidi. Anza tena na amri ya kwanza."

Basi nikaanza tena. Siku ya kwanza walikuja sita, hakuna aliyenitazama usoni. Nilifundisha kwamba tusiwe na miungu mingine, na kwamba Mungu amejiita Mungu mwenye wivu. Nikauliza, maana yake nini? Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

Bibi Semeni ndiye aliyevunja ukimya. "Ana wivu? Anamwonea nani? Si vyote ni vyake?"

Lilikuwa swali zuri, nami kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilisahau ng'ambo ya bonde nikafundisha. Niliwaambia kuna mambo mawili ambayo tunayaita kwa jina moja. Kuna wivu wa mama ambaye mwanawe anaelekea ukingo wa jabali: anamkamata kwa nguvu, hata kwa ukali, kwa sababu ni wake na anampenda. Huo ndio wa Mungu. Na kuna jicho la mtu anayesimama mlangoni pake akitazama ghala la jirani, wala hataki mahindi, anataka tu jirani asiwe nayo. Hicho ni kijicho, na Mungu hanacho, kwa kuwa hana jirani.

Bibi Semeni akanitazama usoni.

"Siku ya mbuzi," alisema, "ulijua kwamba tumekosea?"

"Nilijua."

"Ukatuacha tucheze."

"Niliwaacha."

"Huo ulikuwa upi kati ya hiyo miwili?"

Binti zake wakatazama chini. Nikamjibu, "Kilikuwa kijicho."

"Basi nimeelewa," alisema. Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Lakini mwaka mzima, mwalimu, nitautoa wapi mimi?"

Wiki iliyofuata nilimwona mgongo wake ukiteremka kuelekea ng'ambo, akishikiliwa na binti yake mdogo. Mapadre walikuwa na kawaida ya kutowachelewesha wazee na wagonjwa. Nilijua kawaida hiyo, na nilijua kwamba aliyeiharibu njia ya kumbatiza kwetu ni mimi mwenyewe. Bado nilimchukia Fransisi, wala si kidogo.

Alibatizwa Julai, wakati wa ukungu, siku ya Mtakatifu Anna, bibi yake Bwana. Nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kwa heshima ya mwanafunzi wangu. Sikuingia kanisani, nilisimama nje karibu na mlango, mikono kwapani kwa baridi. Padre, mzee mwenye ndevu, alimpima pale pale mbele ya watu kabla ya maji, na kwa bahati akachagua amri ya kwanza.

"Tunasoma kwamba Mungu ana wivu. Unaelewa nini, mama?"

Na Bibi Semeni akamweleza. Alianza na mama na ukingo wa jabali. Akaja kwenye mlango na ghala la jirani. Hakuacha kitu. Hata pale niliponyamaza mimi alinyamaza, akasema kwamba kijicho Mungu hanacho, kwa kuwa hana jirani. Padre akageuka akamtazama mwalimu wake.

"Nani amemfundisha hivi?"

Fransisi aliniona. Kutoka pale alipokuwa amesimama na bakuli la maji aliniona vizuri sana, na mdomo wangu ulikuwa umefunguka.

"Mimi, Padre," alisema.

Maneno yangu, mfano wangu, aibu yangu mwenyewe niliyoikiri mbele ya watu sita, na mwingine ameyavaa kama kanzu. Ilinitosha kusema neno moja. Lakini nilimwona Bibi Semeni amesimama kati yao, anapumua kwa shida, amefunga shuka lile lile jeupe. Padre angejua kwamba mafundisho yake yametoka kwa Walutheri, angemrudisha darasani akaanze upya, kwa uangalifu tu, kama alivyofanya Bwana Mchungaji wangu. Fransisi alilijua hilo. Huenda ndiyo sababu iliyomfanya aseme uongo. Huenda pia alipenda tu kusifiwa. Sikumwuliza kamwe.

Nikafumba mdomo. Mara ya kwanza niliufumba kwa ajili yangu, na ilikuwa rahisi. Mara hii ilinichukua nguvu nyingi kuliko kupanda na sanduku kutoka Mlali. Wakammwagia maji, akaitwa Anna.

Akatoka mbele ya wenzake, akanikuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimejibu vizuri?"

"Vizuri sana."

"Nilijua. Hakuniuliza hata nusu ya unavyoulizaga wewe." Akajifuta uso uliolowa. "Kesho mko wapi?"

"Amri ya saba, usiibe."

"Sikuwahi kuifikia ile vizuri. Nitakaa nje, nisije nikakuharibia tena."

Nilidhani ni maneno ya sikukuu. Lakini kesho yake nilipopiga reli alikuja na kigoda chake, akakiweka barazani, nje ya mlango, mgongo ukutani, na miezi yote aliyobakiwa nayo alikuja hivyo hivyo. Hakuingia ndani hata mvua ikinyesha. Nilipouliza maana yake nini na ndani wakanyamaza, mara nyingi jibu lilitoka nje.

Siku moja Fransisi alipita njiani na kitabu chake kwapani, akamwona. Akasimama.

"Bibi Anna, unafanya nini huko?"

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Nasikiliza maana yake."

Fransisi akabaki amesimama. Nilikuwa mlangoni, nikamwona usoni, na uso ule niliujua vizuri sana, kila mkunjo wake, maana niliuvaa mimi mwenyewe mwaka mzima. Ningeweza kumwita ndani. Mwalimu mwema angemwita, na ninyi nawashauri mmwite. Mimi, nisiwadanganye, niligeuka darasani, nikauliza swali lile lile tena, kwa sauti kubwa zaidi.